Protini za jeni zinazoruka: mbona ile domeni ya kukata iko kwa mahindi, kwa HIV na hata ndani yetu?

mwanafunzi_njoro

Habarini wadau. Nko mwaka wa pili huku Njoro, tumefika topiki ya jeni zinazoruka, yaani vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na nimekwama mahali pamoja tangu wiki jana. Lecha alipitia slaidi kama 40 kwa saa moja, akasema transposesi, ile protini inayozihamisha, iko na "domeni ya kushika DNA" na "domeni ya DDE ya kukata", basi akaenda mbele. Mimi nataka kuelewa, sitaki kukariri tu halafu mtihani ukiisha nisahau.

Kinachonisumbua ni hiki. Hio DDE ni nini haswa, mbona ni herufi tatu tu na protini yenyewe iko na asidi amino mamia? Halafu kwa noti wanasema kuna jeni mbili zinazoruka za mahindi, Ac na Ds, Ac inaruka peke yake lakini Ds hairuki mpaka Ac ikuwe kwa mmea huo huo, sasa Ds inarushwa na protini ya nani? Na ile ilininyima usingizi kabisa, slaidi ya mwisho ilikuwa na picha mbili zimewekwa bega kwa bega, moja transposesi na nyingine integresi ya HIV, na pale katikati zinafanana kama mapacha. Kitu cha mahindi na kitu cha virusi vinafananaje hivo?

Ingine: shosho yangu huko Molo hupanda mbegu yake ya zamani, sio ya dukani, na kila mwaka kuna mahindi yanatoka na punje za zambarau, zingine ziko na madoa madoa. Huwa anaziweka kando za mbegu kwa sababu anazipenda. Hizo ndio jeni zinaruka ama ni kitu ingine? Nimebeba mahindi mawili kwa begi nikarudi nayo kampasi, nko nayo hapa mezani.

Nyar_Seme

Mdogo wangu karibu sana, na usiache kuuliza ivo. Mimi nko Kisumu kwa maabara ya mbu na hii mambo naishika na mikono kila wiki kwa hivyo ntajaribu kwenda polepole.

Anza na neno lenyewe. Domeni ni kipande cha protini kinachojikunja chenyewe na kiko na kazi yake, mara nyingi hata ukikitenga na wenzake bado kinafanya hio kazi. Transposesi ni protini ya vipande kadhaa vimeunganishwa kwa uzi mmoja. Kipande kimoja kinatafuta DNA na kuishika, kingine kinakata, kingine kinashikana na transposesi mwenzake. Ukielewa hapo mengine yote yanafuata.

Sasa DDE. D ni asidi aspartiki na E ni asidi glutamiki. Zote mbili ziko na chaji hasi. Ziko tatu, na watu wengi wanafikiria zimefuatana kwa uzi, D kisha D kisha E, hapana, ziko mbali mbali sana. Chukua transposesi ya Tn5, jeni inayoruka ya bakteria, urefu wake ni asidi amino 476, hizo tatu ziko nafasi ya 97, 188 na 326. Ni ile protini inapojikunja ndio zinakutana mahali pamoja. Ni kama mafiga, mawe matatu umeokota pembe tofauti za boma, hayana maana yakiwa huko yalikotoka, lakini ukiyaleta pamoja yanabeba sufuria. Sufuria hapa ni ayoni mbili za magnesiamu. Magnesiamu ina chaji chanya, yale mawe matatu yana chaji hasi, ndio maana inakaa hapo imetulia.

Na zile ayoni ndio zinafanya kazi. Zinashika molekuli ya maji na kuinoa mpaka ishambulie uti wa DNA pale kwa fosfeti, uti unakatika, na ile ncha inayobaki ina OH. Hapa ndio mimi huwa nafurahi kila nikifundisha mtu: ile OH iliyobaki ndio inaenda sasa kushambulia DNA ya mahali papya na kujibandika, na kazi hio ya pili inafanyika kwa kishimo kile kile chenye mafiga yale yale. Kukata na kubandika ni mkono mmoja. Na kazi yenyewe ya kukata na kubandika haihitaji ATP, unavunja kifungo cha fosfeti huku na unafunga kingine kule, nguvu inabaki ndani ya nyumba.

Unajuaje ni hizo tatu zinafanya kazi na sio zingine? Unabadilisha moja tu, weka asparajini mahali pa D, protini bado inashika DNA vizuri lakini haikati. Ama unatoa magnesiamu unaweka kalsiamu, mara nyingi inakaa pale pale lakini kazi haiendi, na watu wa kupiga picha za protini wanaitumia hio mbinu kuisimamisha katikati ya kazi.

Swali la Ds. Transposesi ikishatengenezwa kwenye saitoplazimu inarudi ndani ya nyukliasi, na ikifika huko haijui ni DNA gani iliyoizaa. Inachojua ni alama ya kushika. Ac ina beizi kama 4,565, katikati iko na jeni ya transposesi ya asidi amino 807, na miishoni iko na mifuatano ya kutambulika, herufi 11 zilizogeuzana pale ncha kabisa halafu ndani kidogo kuna AAACGG imerudiwa mara nyingi. Ds ni ile iliyopoteza hio jeni ya katikati ama ikaharibika lakini miisho imebaki. Kwa hivyo transposesi ya Ac ikifika inaona mlango ni ule ule, inashika, inakata, inahamisha. Ndio jibu la "protini ya nani", ni ya Ac.

Kitu moja umeiacha na usiiache kwa mtihani. Transposesi haifanyi kazi ikiwa moja. Ya Tn5 na ya mariner (jeni ingine inayoruka) zinakuja mbili, ile ya nzi wa nyumbani inaitwa Hermes inakuja nane zimeshikana duara. Sababu ni kwamba DNA inayoruka iko na miisho miwili na lazima yote miwili ishikwe kabla kukata, ukikata mmoja na mwingine bado umeacha kromosomu imevunjika na hakuna kitu kimehama. Ukoo wa Ac na Hermes unaitwa hAT, na kwa mkia wa protini zake kuna domeni nzima ya kushikana na wenzake.

Ya HIV naachia mtu wa dawa, najua ako humu.

Dawa_Kondele

Nko, asante dada. Hii swali ya tatu naijibu na roho yote kwa sababu hapa kwa kaunta nahudumia watu wa TLD, ile tembe ya HIV, kila siku na ningependa kila mtu ajue hio tembe inafanya nini.

HIV ni virusi vya RNA. Ikiingia kwa seli inajiandika kuwa DNA, halafu hio DNA lazima ichomekwe ndani ya DNA ya mtu. Anayechomeka ni integresi. Iko na asidi amino 288 na domeni tatu. Ya mbele imeshikiliwa na zinki, ikibanwa na histidini mbili na sisteini mbili. Ya katikati ndio ya kazi, mafiga yake yako 64, 116 na 152, yaani D, D, E. Ya nyuma inasaidia kushika DNA. Ukitoa hio ya katikati ukaiweka kando ya ya Tn5 ama ya mariner unaona shuka ile ile ya nyuzi tano na mizunguko kando. Huo mkunjo unaitwa wa RNase H, na vimeng'enya vingi vinavyofanya kazi na DNA na RNA viko nao. Kwa hivyo slaidi yako haikukosea, integresi na transposesi ni wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba transposoni ya DNA, yaani jeni inayoruka, inahama ndani ya seli moja, virusi ikapata na njia ya kutoka nje kwenda seli ingine.

Hata kazi ni moja. Integresi inatoa herufi mbili kwa kila ncha ya DNA ya virusi, inabaki OH, na hio OH inashambulia DNA ya mtu. Si ndio Nyar_Seme amesema hapo juu?

Sasa dawa. D ya mwisho kwa TLD ni dolutegravir. Hio molekuli iko na oksijeni zimepangwa kwa njia kwamba zinashika zile ayoni mbili za magnesiamu pale pale kwa mafiga. Mafiga yako, sufuria iko, lakini dawa imekalia mlango, ncha ya DNA ya virusi inasukumwa kando na haiwezi kujibandika. Dawa ya kwanza ya aina hii ilikuwa raltegravir, Marekani iliikubali 2007, dolutegravir ikafuata 2013.

Na kwa sababu dawa inapenda madini namna hio, kuna jambo nalisema kwa kaunta kila siku na wacha niliseme hapa pia. Ukimeza dolutegravir pamoja na dawa za kupunguza asidi tumboni zenye magnesiamu ama aluminiamu, dawa inashika hayo madini huko kwa utumbo na haiingii kwa damu vizuri. Mtu atakwambia anameza dawa kila siku bila kukosa na ni ukweli, shida ni kile alimeza nayo. Unameza TLD masaa 2 kabla ya dawa ya asidi ama masaa 6 baadaye. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu pia vinaisumbua, hasa tumbo likiwa tupu, ukila navyo pamoja na chakula inakuwa sawa. Akina mama wajawazito mnapewa hivo vidonge vya damu, mwambieni daktari ama nesi wa kliniki mko kwa TLD awapangie masaa.

kijana_wa_Milimani

Thread nzuri. Mimi nilifundishwa sekondari kwamba hizi vitu ni DNA takataka, hazina kazi, zimejaa tu. Sasa nyinyi mnaziongelea kama mashine zenye ufundi wote huo. Ni gani ni gani? Kama ni takataka mbona ziko nyingi?

Nyar_Seme

Ndugu, nyingi ni nyingi kweli. Karibu 45% ya DNA ya binadamu imetoka kwa vitu vinavyoruka ama vilivyokuwa vinaruka zamani. Mahindi ni kama 85%. Kwa binadamu sehemu kubwa sana zimekufa, zimekaa tu kama magofu, kwa hivyo mwalimu wako hakukudanganya kabisa. Lakini neno takataka linamfanya mtu asiangalie ndani, na ndani kuna hii.

Mwili wako unatengeneza kingamwili za aina nyingi kupita kiasi, na jeni huna za kutosha kuandika kila moja. Kinachofanyika ni seli changa za kinga zinakata vipande vya DNA zinaviunganisha upya, kila seli kivyake. Anayekata anaitwa RAG1 akisaidiwa na RAG2. Na RAG1 iko na mafiga. D nafasi ya 600, D 708, E 962. Inashika alama mbili kando ya kipande, inazileta pamoja, inakata, na ncha moja inabaki imefungwa kama kitanzi cha sindano, sawa na vile hAT hufanya. Ni transposesi ya zamani, imetoka kwa ukoo unaoitwa Transib, wanyama wa kale wakaifuga. 2016 watu walionyesha transposoni ya aina hio bado inaishi kwa amfioksasi, kile kisamaki kidogo cha baharini kisicho na mifupa, iko na RAG1 na RAG2 ndani yake na miisho yake pembeni, imekamilika.

Mtoto akizaliwa na RAG1 iliyoharibika hana seli B wala T, kila homa ndogo ni hatari kwake. Mimi nikikumbuka hio siwezi kuita huo ukoo takataka.

kompyuta_na_jeni

Nko Maseno, kazi yangu ni kutafuta hizi vitu ndani ya jenomu kwa kompyuta, na naomba kuongeza kitu kwa sababu mwanafunzi anaweza kutoka hapa akiamini kila jeni inayoruka iko na DDE. Hapana kabisa.

LINE-1, ile bado inaruka ndani ya binadamu, haina DDE. Inajinakili. Iko na urefu wa beizi kama 6,000 na protini mbili, ya kwanza inashika RNA, ya pili iko na domeni ya endonyukliesi ya kukata uzi mmoja wa DNA na domeni ya kuandika RNA kuwa DNA, na inaandikia hapo hapo kwa kidonda ilichokata. Nakala zake kwetu ni kama 500,000 lakini zinazoweza kuruka bado ni 80 hadi 100 hivi. Alu, vipande vingine vifupi vinavyoruka, nazo zimepita milioni moja na hazina protini hata moja, zinaazima ya LINE-1, hadithi ni ile ile ya Ds na Ac. Helitron, ukoo mwingine wa jeni zinazoruka, nazo ziko na domeni inaitwa HUH ikiunganishwa na helikesi ya kufungua nyuzi, hapo anayeshika DNA ni tairosini, inajifunga kabisa na DNA kwa kifungo cha kweli wakati wa kukata. Kemia tofauti, na kazi ni ile ile ya kuhama.

Kitu ingine ambayo inanifurahisha kwa kazi hii, ukilinganisha koo nyingi za DDE unaona sehemu ya kukata imekaa vile vile lakini sehemu ya kushika DNA imebadilishwa kila ukoo. Tc1 na mariner ziko na helisi-kona-helisi mbili mbele. hAT nyingi ziko na kidole cha zinki kinaitwa BED. P ya nzi wa matunda iko na kidole kingine kinaitwa THAP. piggyBac, ile ilitoka kwa nondo wa kabeji, kishikio chake kiko nyuma kabisa kwa mkia, kimejaa sisteini. Ni kama kisu kimoja kimefungwa mpini tofauti kila kijiji. Na mahali pa kutua pia kila ukoo na pake, mariner inataka TA, piggyBac inataka TTAA na ikitoka haiachi kovu, hAT inaacha herufi 8 zimerudiwa pande zote mbili.

Mwanafunzi ukitaka kuona na macho yako chukua mfuatano wa protini yoyote ya transposesi weka kwa tovuti ya InterPro, ni bure, itakuchorea domeni kwa rangi. Ukiweka integresi ya HIV ile ya katikati itakuja na jina rve, ukiweka ya ukoo wa Ac mkia utakuja na jina lenye hAT ndani. Halafu hesabu mwenyewe umbali wa D ya pili mpaka E. Integresi ni 35 katikati. Tc1 ni 34, mariner pia ni 34 lakini mwisho wake ni D sio E, kwa hivyo usishtuke ukikosa E hapo. Ukipata nakala iliyokosa moja ya zile tatu jua hio imekufa, na utapata nyingi sana.

mwalimu_mstaafu_Butere

Mulembe nyote. Nimefundisha bayolojia miaka mingi na sasa nalima. Naona kijana ameuliza habari ya mahindi ya nyanya yake na mmepita mkaenda kwa kompyuta. Hebu turudi shambani kwanza, maana hii elimu yote ilianzia kwa punje.

Kijana, shika hindi moja uangalie vizuri, kwa sababu rangi ya punje inatoka mahali tatu tofauti.

Kama punje zote za hindi zima ni nyekundu sawasawa, hio ni rangi ya ganda, na ganda ni la mama, ndio maana zote zinafanana. Ganda likiwa na michirizi myekundu kutoka chini kwenda juu pale nywele ilipokuwa imeshikana, hapo kuna uwezekano mkubwa ni Ac imekaa ndani ya jeni ya rangi ya ganda na inatoka toka. Mtu anaitwa Emerson alikuwa anachunguza michirizi hio huko Marekani hata kabla ya 1920, bado hakuna aliyejua jeni inaweza kuhama.

Kama punje moja ni zambarau kabisa na jirani yake ni nyeupe kabisa, hakuna katikati, hio ni chavua. Kila punje ina baba yake. Rangi hio iko kwa tabaka jembamba chini ya ganda na tabaka hilo linarithi kwa baba pia, kwa hivyo chavua ikipeperushwa kutoka shamba la jirani inaonekana mwaka huo huo. Watu wengi huku wakiona hivo wanasema mbegu imerogwa ama imechanganywa dukani, ni upepo tu.

Sasa kama ndani ya punje moja nyeupe ama ya manjano kuna vidoa vya zambarau vyenye kingo kali, hapo ndio kwa Barbara McClintock. Ndiye aligundua jeni zinazoruka. Alikuwa kwa maabara ya Cold Spring Harbor huko Marekani, miaka ya 1940, anaangalia punje kama hizo na kromosomu ya 9 kwa darubini. Ds imekaa ndani ya jeni ya rangi, rangi imezimwa, punje ni nyeupe. Punje ikiwa inakua, transposesi ya Ac ikiitoa Ds kwa seli moja, hio seli na watoto wake wote wanapata rangi. Ikitoka mapema doa ni kubwa, ikitoka mwisho mwisho doa ni nukta. Na yeye aliona Ac zikiongezeka kwa punje Ds inachelewa kutoka na nukta zinakuwa ndogo. Aliyasoma haya yote kwa doa, hakuna mtu alikuwa ameona hio protini bado. Walimpa Nobel 1983 akiwa na miaka 81.

Lakini uwe mwangalifu, kuna jeni ya rangi inaitwa R ikitoka kwa baba inafanya mabaka, na hakuna kitu kinaruka hapo. Mabaka yake yanakuwa kama wino umemwagika kwa karatasi ya kufungia, kingo haziko safi. Lenzi ya mkono itakusaidia.

mama_wa_Kimilili

Samahani mimi ni mkulima tu na nimesoma yote ingawa ingine imenipita. Hayo mahindi ya madoa yanatokea hata kwangu. Sasa nyinyi mnasema jeni zinaruka, ni GMO? Watoto wangu wanakula na nimeshikwa na wasiwasi tangu nianze kusoma hapa.

mwalimu_mstaafu_Butere

Mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo, wape watoto wale. Hio si GMO. Hakuna mtu ameingiza kitu hapo, hizi jeni ziko ndani ya mahindi tangu kabla binadamu hajaanza kuyalima, hata yale meupe unayonunua kwa pakiti yamejaa nazo, sema tu hazionekani kwa sababu hayana rangi ya kuwashwa na kuzimwa. Na ukiyapika transposesi inaiva kama protini ingine yoyote, tumbo linaisaga. Zambarau yenyewe ni rangi ile ile iko kwa kabeji nyekundu na zambarau za mti.

Kile cha kuogopa kwa mahindi ni ukungu wa ghala. Kausha vizuri, na punje ikiwa na unga wa kijani ama wa kijivu juu yake usipe mtu wala kuku. Doa la ukungu linakaa juu na linaharibu ganda, hili la rangi liko chini ya ganda na ganda linang'aa.

mama_wa_Kimilili

Asante sana mwalimu, umenitoa mbali. Nimeangalia yangu, ganda linang'aa.

mwanafunzi_njoro

Wadau sijui niseme nini, nimesoma hii thread mara tatu. Nimeweka integresi kwa InterPro vile mliniambia na nikahesabu mwenyewe kutoka 116 mpaka 152, zinabaki 35 katikati, nilipiga makofi peke yangu kwa chumba.

Halafu nimeazima lenzi kwa maabara. Hindi la kwanza ni vile mwalimu alisema, zambarau kamili na nyeupe kamili, hakuna katikati, hio ni chavua. Hindi la pili liko na punje 6 zenye nukta, na kingo ni safi kabisa, kama mtu amechora na kalamu. Punje moja iko na doa kubwa limechukua karibu robo ya punje na ingine ni nukta nukta ndogo tu. Kwa hivyo hio ya robo Ds ilitoka mapema na hio ingine imechelewa, niko sawa?

Swali langu la mwisho, nikipanda hizi 6, nitajuaje kweli ni Ac na Ds na sio kitu ingine?

Nyar_Seme

Uko sawa kabisa kwa doa. Ukitaka uhakika wa maabara utatoa DNA kwa jani la mmea uupime na PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwa jeni ya rangi, ikiwa kuna kitu kimechomekwa kipande kinatoka kirefu kuliko kawaida, na kwa seli ambazo kimetoka utapata kipande kifupi chenye kovu la zile herufi 8, mara nyingi moja ama mbili zimebadilika. Hio kovu ndio sahihi ya ukoo wa hAT. Uliza lecha wako kama kuna mtu wa maabara hapo anaweza kukusaidia, ni kazi ya wiki moja mbili, na ukipata shida ya praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, niandikie hapa hapa.

mwalimu_mstaafu_Butere

Na kabla ya maabara linda chavua, maana bila hio utakuwa unapima upepo. Hindi changa likichungulia kwa shina lifunike na mfuko wa karatasi kabla nywele hazijatoka. Ukichelewa hata siku moja ya jirani ishaingia. Ua la juu nalo ulifunike jioni, asubuhi kukikauka umande ulikung'ute, hio vumbi umwagie nywele za mmea huo huo na ufunike tena. Andika tarehe kwa mfuko na kalamu isiyofutika na mvua. Ukivuna hesabu tatu: zenye nukta, nyeupe kabisa, na zambarau kabisa. Hizo za zambarau kabisa uziweke peke yake, kuna uwezekano Ds imetoka kabla mbegu haijaundwa, na zikipandwa tena zitabaki na rangi.

mwanafunzi_njoro

Nimeandika kwa kitabu. Nimempigia shosho, amesema atanipa mistari miwili kwa shamba la juu karibu na msitu, huko hakuna jirani anapanda mahindi, ila ameniuliza mbona nataka kuyafunga mifuko kama harusi. Jumamosi naenda Molo nimweleze nikiwa na lenzi, aone hio ya robo kwanza.